Nesi wa Pua

Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi, alikuwa ameshabandikwa majina mengi, na hili la mwisho ndilo alilolipenda. Wodi ya watoto walimwita Nesi Sindano, na mtoto akimwona tu mlangoni alianza kulia kabla hajaguswa. Wodi ya wazee wakamwita Nesi Nyamaza, maana hakuvumilia kelele saa za kupumzika. Sasa, akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa Nesi wa Pua, na watoto walimkimbilia. Tusidanganyane, haikuwa kwa upendo mtupu. Alikuwa anagawa maputo.

Kazi yenyewe ukiisikia utacheka, na wengi walicheka. Kila Jumanne saa nane mchana alipanda mtaa ulio nyuma ya shule, sanduku la barafu begani, akapiga hodi nyumba kumi na mbili zenye watoto wasiozidi miaka mitatu. Kila mtoto alichukuliwa vitu viwili puani. Kwanza kijiti chenye pamba: kinazungushwa mara tatu, kinatolewa. Halafu kikaratasi laini, chembamba, kinachokaa tunduni dakika nzima kikinywa unyevu. Mtoto awe mgonjwa, awe mzima, awe amelala, awe analia, Jumanne ni Jumanne.

"Kijiti kinatafuta mgeni," Daktari alimweleza siku ya kwanza. "Kikaratasi kinatafuta yowe."

Daktari huyu alikuwa msichana mwembamba wa miwani, mkuu wa utafiti mzima, na kwa umri angeweza kuwa bintiye. Lakini kueleza alijua. Mwili wa mtoto una kinga za namna mbili, alisema. Moja ni ya kujifunza: inakutana na mdudu, inamkariri sura, siku akirudi inamtambua. Hiyo inataka muda, na mtoto wa mwaka mmoja hajakariri wengi. Ya pili ni kinga ya asili, amezaliwa nayo. Hiyo haimjui mdudu kwa jina wala haina haja. Kirusi kikishika tu ngozi laini ya ndani ya pua, ngozi yenyewe inapiga yowe, na majirani wanafunga milango kabla hakijasambaa. Yowe hilo ni kemikali, na linaelea kwenye kamasi.

"Kwa hiyo ninachotafuta ni kamasi," Nesi alisema.

"Kamasi, Mama. Ndiyo mali yetu."

"Jamani! Na miaka yote hii nimekuwa nazifuta!"

Swali lao lilikuwa moja. Kirusi kile kile kikiingia nyumba yenye watoto wawili, kwa nini mmoja anakimbia na kamasi zake mpaka barabarani, na mwenzake analazwa akiwekewa oksijeni? Je, kwa huyo wa pili yowe lilichelewa? Lilikuwa dogo? Au lilizidi kiasi? Hakuna aliyekuwa na jibu kamili, na Daktari hakuwa mtu wa kujifanya analo.

Nesi alilitaka jibu hilo kuliko Daktari mwenyewe, ila hakuwahi kumwambia. Mwanawe wa kwanza alipokuwa na miezi minane alibanwa kifua, akalazwa siku tano. Mtoto wa jirani, aliyekuwa akilala naye kwenye mkeka mmoja kila mchana, alipiga chafya mbili tatu, akapona. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi wa zamu aliandika kwenye kadi ya kliniki kwa mwandiko mzuri sana: *Kifua. Mtoto amepigwa na baridi. Uzembe wa mama.* Mtoto yule sasa ni mwanaume mwenye ndevu, fundi wa kutengeneza friji, anakula kama watu watatu. Kadi bado ilikuwa kabatini, chini ya vitambaa vya kichwa. Nesi alikuwa amesomea uuguzi kwa sababu ya maneno yale matatu ya mwisho, na mpaka leo akiyakumbuka uso unamwaka moto.

Sasa, siku moja ya Ijumaa, Daktari akamwita maabara. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, miwani ameipandisha juu ya nywele, na hiyo kwake haikuwa dalili njema.

"Mama, keti kwanza."

"Nikiambiwa nikae kwanza najua kuna msiba. Sema nikiwa nimesimama."

Daktari akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na mistari ya rangi, mingine imepanda juu kama mlima, na chini kabisa mstari mmoja wa bluu umelala chali.

"Hii iliyopanda ni mitaa ya wauguzi wenzako. Mtoto akipata kirusi, yowe linapanda. Huu wa bluu ni mtaa wako. Virusi vimo, kijiti kinaviona kama kawaida. Lakini kikaratasi hakioni kitu. Wiki kumi, nyumba kumi na mbili, kimya. Pua za mtaa wako zimelala usingizi."

"Watoto wangu hawana kinga?"

"Hapana, hilo haliwezekani, wangekuwa wote wodini. Tatizo ni sampuli." Daktari akashusha sauti. "Yowe linaharibika likipata joto. Nimejiuliza kama labda lile sanduku... labda njiani, jua kali, kifuniko hakikufungwa vizuri..."

Hapo ndipo Nesi alipokaa. Mtu angemwambia mwanawe mwizi, angemsikiliza. Angemwambia nyumba yake inanuka, angefungua madirisha. Lakini sanduku! Sanduku lile hakuwahi hata kulitilia chupa yake ya maji ya kunywa, na mchana ule wa kupanda mtaa koo lilimkauka ile mbaya.

"Daktari, mimi sanduku langu nalifunga kuliko mlango wa nyumba yangu."

"Najua, Mama. Ndiyo maana sikulala." Na kweli macho yalikuwa mekundu. "Lakini sampuli mbovu zinaharibu na zile nzima. Mwisho wa mwezi inabidi niziondoe nyumba zako kwenye utafiti. Zimebaki Jumanne mbili."

Nesi alitoka pale akizihesabu nyumba zake kwa vidole. Kuondolewa kwa zile nyumba kulimaanisha akina mama kumi na wawili aliowaahidi jibu, akawaangalia usoni akawaahidi, wangebaki na maputo tu. Naye angestaafu na kadi yake kabatini kama alivyoanza.

Jioni mwanawe alilifungua sanduku juu ya meza ya chakula, akalipima ndani na nje, akalijaza barafu, akaliacha juani siku nzima ya Jumamosi pamoja na kipimajoto. Akarudi anajikuna ndevu.

"Mama, sanduku hili ni zima kuliko mimi."

"Una hakika?"

"Mimi nakula kwa kazi hii. Tafuta mchawi kwingine."

Jumanne ikafika. Nesi alipanda mtaa na daftari jipya, akiandika joto la sanduku kila mlango. Nyumba ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Alichukua sampuli kwa uangalifu hata watoto wakamshangaa, dakika ikawa dakika na nusu. Nyumba ya nne na ya tano hakukuta mtu, akina mama wote wawili walikuwa wamepeleka watoto chanjo. Kwa hiyo alijikuta mlangoni kwa Mama Pacha saa tisa kamili, badala ya saa kumi kama siku zote. Mlango ulikuwa wazi. Akapiga hodi huku akiingia, kama walivyozoeana.

Mama Pacha alikuwa mwanamke kijana mwenye haya nyingi, na pacha wake walikuwa na mwaka na miezi miwili. Mmoja aliitwa Kishindo, mwingine Kimya, na mtu hahitaji kuelezwa kwa nini. Miezi minne iliyopita, kabla utafiti haujaanza, wote wawili walishikwa na mafua siku moja. Kishindo aliendelea kuvunja vikombe. Kimya alilazwa wiki nzima, mbavu zikiingia na kutoka kama mvukuto. Na aliyekuwa akiishi nao nyumba ile, mama wa mumewe, alikuwa ameshatoa hukumu: mtoto aliogeshwa jioni. Hakusema kwa ubaya. Alisema kila siku tu.

Huyu mama mkwe mtaa mzima ulimwita Bibi Mkaguzi. Alikuwa amestaafu ukaguzi wa usafi kwenye majiko ya shule na mahoteli, lakini hakuna aliyeupa taarifa mdomo wake kwamba umestaafu. Alivaa kilemba cheupe, na kwenye kilemba kalamu nyekundu, ile ile aliyokuwa akiandikia *Nimekagua* kwenye ripoti zake. Akipita mbele ya nyumba yako, ufagio ulijishika wenyewe.

Basi Nesi akaingia, akamkuta Mama Pacha ameketi kwenye kigoda, Kishindo amebanwa katikati ya magoti yake, kichwa kimelazwa nyuma. Pembeni bakuli la maji ya chumvi ya uvuguvugu. Mkononi kile kimpira cha kunyonyea kamasi. Alikuwa anadondosha maji tundu hili, ananyonya. Tundu lile, ananyonya. Halafu kitambaa, halafu tena. Kimya alikuwa ameshamaliza zamu yake, amekaa mkekani, pua inang'aa kama sahani ya wageni.

"Nesi! Umewahi!" Mama Pacha akaruka nusu asimame. "Bado sijawaandaa!"

"Kuwaandaa?"

"Huyu mmoja bado. Dakika mbili tu, samahani."

"Unawaandaa hivi kila Jumanne?"

"Kila Jumanne," akasema kwa fahari. "Tangu wiki ya kwanza. Mara tatu tatu, mpaka maji yatoke meupe."

Nesi akalishusha sanduku begani. "Na wenzako?"

"Wote! Nyumba ya juu kule wanatumia na ile dawa ya kupuliza. Saa saba unusu nyumba za mwanzo ni vilio vya watoto, hujawahi kusikia tu kwa sababu hujafika."

"Nani aliwaambia muoshe pua?"

Sauti ikatoka chumba cha pili, na nyuma ya sauti akatokea Bibi Mkaguzi mwenyewe, mikono kiunoni. "Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, na mdomo wako huo huo. Siku ya kwanza ulisimama hapo hapo uliposimama. Ukamshika Kimya kidevu, ukasema, 'Mashallah, hata kamasi hana! Natamani kila nyumba niikute hivi.' Nikasema kama Nesi anataka hivyo, atapata hivyo. Nikapita nyumba zote. Nilikagua mpaka vitambaa vya kufutia."

Nesi akamgeukia Kimya mkekani. Alikumbuka. Alikumbuka hata kidevu chenyewe kilivyokuwa laini. Alikuwa amesema vile kwa kumwonea huruma yule mama kijana, aliyekuwa amesimama na kitambaa mkononi kama mwanafunzi anayengoja kuchapwa. Neno la kumpoza moyo, basi. Na neno lile lilikuwa limeosha pua za mtaa mzima kwa wiki kumi, likamwaga yowe la watoto kumi na wanne kwenye mabakuli.

Kilichomjia kwanza kilikuwa kicheko. Aliketi mkekani na sanduku lake, akacheka mpaka Kishindo naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Halafu kicheko kikageuka, akajikuta anafuta macho kwa kona ya kitambaa, maana sasa alijua mchawi ni nani.

"Kosa langu," alisema. "Kosa langu mimi peke yangu. Zile mnazomwaga ndizo ninazozitafuta."

Akawaeleza yote: ngozi ya pua, ambako kirusi hung'ang'ania hata pua ikioshwa, yowe linaloondoka na kamasi, majirani wanaofunga milango, mstari wa bluu uliolala chali. Mama Pacha alikuwa anaangalia bakuli kama mtu aliyemwaga dhahabu. Bibi Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa msimamo wake.

"Kwa hiyo unataka nimwache mjukuu wangu na kamasi zinaning'inia, wageni waingie waone."

"Jumanne tu, Bibi. Tangu asubuhi mpaka nifike."

"Mtoto wa kamasi ni mama mvivu. Hilo halihitaji maabara."

Mama Pacha akainamisha kichwa. Nesi akakiona kile kichwa kilivyoinama, na moyo ukamchoma, maana alikijua. Alikuwa amekibeba mwenyewe.

Siku mbili zilizofuata alizunguka nyumba zote kumi na mbili kwa miguu yake, bila sanduku, akaomba. Akina mama walimsikiliza vizuri. Walitikisa vichwa. Mmoja akasema, "Nimeelewa, Nesi, nitaosha kidogo tu." Sasa, Nesi alikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kuona watu wakitikisa vichwa, na alijua kuna kutikisa kwa kukubali na kuna kutikisa kwa kukuondoa mlangoni. Hawakuwa wanamwogopa yeye. Walikuwa wanamwogopa aliyevaa kilemba. Kama Bibi Mkaguzi hakugeuka, Jumanne ya mwisho pua zingeng'aa kama kawaida, na ndiyo ingekuwa kwaheri.

Ijumaa akarudi kwa Mama Pacha. Mkobani alikuwa amebeba kitu ambacho hakijawahi kuonwa na mtu mwingine, hata mwanawe mwenye ndevu. Akamkuta Bibi anachambua mchele ukumbini, mkwewe anakunja nguo za watoto. Nesi hakuumauma maneno. Akaiweka kadi juu ya ungo, juu ya mchele wenyewe.

"Soma, Bibi."

Bibi Mkaguzi akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akairudia.

"Aliyeandika hii alikuwa na mwandiko mzuri."

"Mzuri sana. Nimeuona kila siku kwa miaka thelathini na zaidi."

"Ni wewe huyu mama?"

"Ni mimi. Nilimfunika mablanketi mawili, Bibi. Nililala nimemkumbatia. Na mpaka leo mvua ikinyesha najiuliza kama yangekuwa matatu." Akaigonga kadi kwa kidole. "Nataka kujua kabla sijafa kwa nini alikuwa yeye na si mtoto wa jirani. Jibu limo kwenye pua za watoto kama hawa wako, na linamwagwa kwenye bakuli. Mimi sina neno lingine."

"Na mtoto?" Bibi akauliza. "Alipona?"

"Anatengeneza friji. Ana ndevu."

Bibi Mkaguzi akaitoa kadi juu ya mchele, akaipangusa vumbi, akamrudishia. Kisha akainua ungo, akaingia nao jikoni. Mama Pacha na Nesi wakatazamana. Mama Pacha, ambaye hakuwa na desturi ya kumgusa mtu, akamshika Nesi mkono akaubana.

Jumanne ya mwisho Nesi alipanda mtaa roho mkononi. Alifika mapema, saa saba unusu, wala hakusikia vilio, ila hilo lingeweza kuwa na maana yoyote. Akapiga hodi nyumba ya kwanza.

Mlango ukafunguliwa, na mlangoni akasimama binti wa miaka miwili na mito miwili ya kijani ikishuka kutoka puani mpaka mdomoni, inang'aa, haijaguswa. Nesi hajawahi kuona kitu kizuri kama kile.

"Usinicheke, Nesi," mama yake akasema, amejifunika uso kwa kiganja. "Bibi Mkaguzi amepita jana na leo asubuhi. Kasema atakayemkuta na pua iliyooshwa, atajua yeye ni nani. Amekusanya na vile vimpira vyote. Anavyo kwenye mfuko."

Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Kwenye nyumba ya saba akina mama wawili walikuwa wanabishana mwana wa nani ana nyingi zaidi. Nesi alichukua sampuli kwa furaha, na vikaratasi vilitoka vizito, vimelowa vizuri, mpaka alikuwa anavisemesha vikiingia kwenye barafu. Kwa Mama Pacha alimkuta Bibi amempakata Kimya begani, na kitenge cha Bibi, kile kisafi, kilikuwa na alama ya kamasi kutoka shingoni mpaka kiwiko. Hakuisema. Nesi naye akajifanya kipofu.

Ijumaa Daktari hakumpigia simu. Alimfuata mwenyewe, akikimbia ukumbi mzima wa hospitali na koti lake linapepea.

"Mama! Zinapiga kelele!"

"Zote?"

"Zenye virusi zote! Nyumba ya saba kule ni kama soko!" Alimkumbatia mpaka miwani ikapinda. Nyumba hazikuondolewa. Na zile wiki kumi za kimya, Daktari alisema, aliziweka pembeni kwa maelezo marefu, akaongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kila mtoto: *Je, pua ilisafishwa kabla?* Alikuwa na aibu kwamba mstari huo haukuwepo tangu mwanzo. "Nilishuku sanduku lako bure. Nisamehe."

"Sanduku limekusamehe," Nesi akasema. "Mimi bado nafikiria." Kisha akamuuliza swali lililokuwa limemkaa kooni. "Daktari, kuogesha mtoto jioni kunaweza kumlaza wodini?"

Daktari akafikiri, maana alikuwa hajibu kitu bila kufikiri. "Kwa nini Kimya akaumia na Kishindo hapana, sijui bado. Nikikwambia najua nitakuwa mwongo. Lakini kirusi hakitoki kwenye maji ya kuoga, Mama. Kirusi kinaletwa na mtu."

Nesi akayabeba maneno hayo mpaka Jumanne, akayafikisha kama yalivyo, ukumbini kwa Mama Pacha, wote wakiwa wameketi. Kimya alikuwa na kikaratasi puani, ametulia kabisa. Kishindo alikuwa ameshapewa puto na ameshalipasua.

Bibi Mkaguzi alisikia. Dakika ya kikaratasi ikaisha, Nesi akakitoa, akakiweka kwenye barafu.

"Wiki ile," Bibi akasema hatimaye, akiangalia mikono yake, "mimi nilikuwa na mafua."

Mama Pacha, aliyekuwa akikunja nguo za watoto, akainua macho.

"Nilirudi kutoka arusini nikiwa na mafua. Nikampokea Kimya, nikambusu. Hapa, usoni." Akajigusa shavu. "Halafu miezi minne nimesema maji ya kuoga."

"Na Kishindo ulimbusu?" Nesi akauliza taratibu.

"Wote. Mimi nawabusu wote."

"Basi busu lilikuwa moja, Bibi. Mmoja lilimlaza na mwingine halikumfanya kitu. Hilo ndilo tunalolitafuta, na halimo kwenye busu wala kwenye beseni."

Mama Pacha alikuwa ameacha kukunja nguo. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na hakuyafuta. Bibi akamwangalia, kisha akaigeukia fomu iliyokuwa juu ya goti la Nesi.

"Hapo umeandika nini?"

"Pua ilisafishwa kabla? Nimeandika hapana."

"Na chini hapo pako wazi."

"Hapo ni nafasi ya maoni. Huwa haijazwi."

"Ijaze. Andika, mama wa watoto hakukosa."

Nesi akaandika. Mwandiko aliutengeneza, akahakikisha ni mzuri. Alipomaliza, bila kuagizwa na mtu, akaongeza: *wala bibi yao.* Bibi Mkaguzi akasoma kwa kuinama juu ya bega lake, akaguna, hakukataa.

"Na ile kadi yako unayo?"

"Ipo mkobani."

"Ilete."

Nesi akaitoa. Bibi akaiweka juu ya sanduku la barafu, akachomoa kalamu nyekundu kwenye kilemba, akaijaribu kwenye kiganja kama bado ina wino. Chini ya ule mwandiko mzuri, kwa mwandiko wake mkubwa uliopinda, akaandika, *Nimekagua. Mama hakukosa.* Akatia sahihi na tarehe, kama alivyokuwa akitia kwenye majiko ya watu maisha yake yote, akaipuliza ikauke.

"Sasa endelea na kazi," akasema. "Kishindo bado hujamchukua, na kamasi zinamkauka."